Mtoto wangu amenunua bunduki ya kuwinda, nimwambie nini?



Barua ya juma hili imetoka kwa mama mmoja wa Uvira. Ameandika kurasa nne, nafupisha. Mtoto wake wa pili alikimbia vita, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, kisha akapelekwa Marekani pamoja na bibi yake. Sasa wanaishi Lexington, katika jimbo la Kentucky. Anafanya kazi ya usiku, ana mtoto wa miaka mitatu, na bibi yake ana mimba ya miezi mitano. Mwezi uliopita alimtumia mama yake picha kwa telefone: amesimama mbele ya mlango, anacheka, na mikononi ameshika bunduki mpya ya kuwinda. Wenzake wa kazini ndio wanaomfundisha kupiga. Mama anaandika: "Mimi bunduki ilinichukulia mume na kaka. Nikamjibu mtoto: uitupe, ama usiniite tena mama. Tangu siku hiyo hajanipigia. Ni juma la tatu. Nifanye nini?"

Mama mpenzi, kuogopa si kosa. Mtu aliyezika watu wawili kwa sababu ya bunduki hawezi kuangalia picha ile na kucheka. Lakini lile neno la "usiniite tena mama" ulirudishe, tena leo. Sisemi hivyo kwa upole tu. Wenzake wa kazini wanamfundisha mkono na jicho. Sidhani kama kuna mmoja kati yao atakayemwuliza bunduki inalala wapi usiku, ufunguo uko kwa nani, na yeye mwenyewe analala namna gani. Hayo ni maswali ya mama. Lexington iko nyuma ya Uvira kwa saa sita, au saba wakati wa baridi yao. Akitoka kazini asubuhi, kwako ni mchana. Mpigie saa hiyo.

Ili usipige simu mikono mitupu, nilimtafuta mdogo wangu wa kiume, ambaye yuko nchi ile tangu zamani na husaidia kufundisha watu wanaoanza. Tuliongea jioni mbili.

Kwanza kabisa, kule Kentucky bunduki ya kuwinda si alama ya kuingia katika kundi lenye silaha. Mwezi wa kumi na moja, msimu wa kulungu wao wenye mkia mweupe unapofunguliwa kwa bunduki, mafundi, walimu, wakulima na hata wamama huingia porini, na nyama inajaza friji ya nyumba mpaka majira mengine. Mtu aliyeletwa kama mkimbizi kwa njia ya sheria anaruhusiwa kununua bunduki ya kuwinda dukani akiwa na miaka 18. Kabla ya kuipewa anajaza karatasi, na tangu 1998 duka linaulizia jina lake kwanza serikalini. Wako watu ambao sheria inawakatalia. Mmoja wao ni mwanaume aliyehukumiwa na korti kwa kumpiga bibi yake, hata kama ilihesabiwa kuwa kosa dogo. Sheria hiyo ni ya 1996. Niliposikia hilo nilimwambia mdogo wangu arudie, nilisikie mara ya pili.

Lakini karatasi ile ina mtego ambao vijana wetu wanapaswa kuujua. Inauliza kama wewe ndiwe mnunuzi wa kweli. Rafiki akisema, "Mimi wananikatalia, uninunulie wewe, nitakupa makuta," na mtoto wako akakubali, ametenda kosa kubwa. Na mtu asiye raia akipatikana na kosa la bunduki anaweza kufukuzwa katika nchi, hata akiwa na karti ya kukaa. Umwambie hilo bila kuzunguka.

Kisha umwulize: cheti chako kiko wapi? Kentucky inadai kwamba mwindaji yeyote aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1975 awe amefuata masomo ya usalama wa uwindaji na apewe cheti. Akikujibu kwamba wenzake wanamfundisha, huyo bado hajaanza. Wenzake wanaweza kuwa watu wema sana. Ila rafiki anakufundisha anavyofanya yeye, pamoja na tabia zake mbaya, wakati mwalimu wa cheti analazimishwa kukuambia pia yale yasiyofurahisha.

Sasa, mama, urudi kwenye ile picha. Usiangalie kicheko chake, uangalie kidole. Kiko ndani ya kile kitanzi cha chuma kinachozunguka kifyatulio, ama kimenyooka ubavuni mwa bunduki? Na mdomo wa bunduki unaelekea wapi: chini, juu, ama kwa mtu aliyeshika telefone? Pengine aliyepiga picha alikuwa bibi yake mwenye mimba. Mwamerika mmoja, Jeff Cooper, aliyekuwa afisa wa wanamaji wa nchi ile, alifupisha usalama wote kuwa kanuni nne, na bado zinafundishwa. Kila bunduki uichukue kama ina risasi, hata kama umeitoa wewe mwenyewe sasa hivi. Usiielekeze kamwe kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka shabaha iko mbele ya jicho. Ujue unachokipiga, na ujue kilicho nyuma yake. Mtu huvunja tatu za kwanza akipiga picha ya kujionyesha, na ndiyo sababu picha inakuambia mengi kuliko maneno yake.

Ile ya nne inahitaji hesabu. Risasi ndogo kabisa, ile inayoitwa ishirini na mbili, ambayo watoto wa kule wanaanzia, inaweza kuruka zaidi ya kilometa mbili ikikosa kuzuiliwa. Risasi za bunduki kubwa za kulungu zinaweza kufika karibu kilometa tano. Kwa hiyo anayempiga mnyama aliyesimama juu ya kilima, mbingu ikiwa nyuma yake, hajui risasi itatua katika uwanja wa nani. Mwindaji mzuri anangoja mnyama ashuke, udongo uwe nyuma yake. Asiposhuka, mtu anarudi nyumbani bila nyama.

Mdogo wangu anasema kosa la wanaoanza si macho, ni kununua bunduki kubwa mno siku ya kwanza. Bunduki kubwa inapiga teke bega na inalia vibaya. Mwili unaweka akilini. Mara ya tatu, kabla hata risasi haijatoka, mtu anafumba macho na kusukuma bega mbele, na mdomo wa bunduki unashuka. Mwenyewe haoni. Walimu wana hila moja ninayoipenda: wanamwekea risasi ya bandia kati ya zile za kweli bila kumwambia. Anafyatua, hakuna mlio, lakini bunduki imeruka kama samaki. Hapo kila mtu anacheka, naye anaona woga wake kwa macho yake. Dawa yake ni kurudi kwa ile ndogo ya ishirini na mbili, majuma kadhaa, risasi chache kila siku, mpaka mwili usahau. Kwa hiyo umwulize: ulianza na ndogo ama na kubwa? Akisema kubwa, umwombe aazime ndogo. Hakuna haya yoyote.

Na masikio! Mlio wa bunduki unapita desibeli 140, na sauti ya namna hiyo inaweza kuharibu sikio mara moja tu, bila kurudi. Kwenye kiwanja cha kulengea wanavaa vifuniko vya masikio na miwani ya kukinga macho. Atakayemwambia mtoto wako kwamba wanaume hawavai vile vitu, huyo hawezi tena kuwa mwalimu.

Siku ya kwanza bunduki mpya haipigi pale darubini yake inapoonyesha. Lazima ipangwe. Anakaa mezani, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga, anapiga risasi tatu polepole kwa umbali wa karibu metre 23. Kisha anaangalia karatasi. Matundu matatu yakikusanyika pamoja, hata kama yako kushoto kabisa, hiyo ni habari njema: anazungusha vis za darubini kidogo mpaka yafike katikati, halafu anasogea mpaka karibu metre 91 na kuanza tena. Matundu yakitawanyika huku na huku, asiguse darubini. Aangalie kama vis zimelegea, na zikikazwa, basi shida ni pumzi yake na kidole chake. Anatakiwa kutoa nusu ya pumzi, kungoja, na kukaza kidole polepole kama mtu anayekamua ndimu asitake mbegu itoke. Jicho nalo lisigusane na darubini. Liwe nyuma kwa sentimeta nane hivi au kumi. Wanaoanza wakisogea mno, ile teke inawachora nusu mwezi juu ya nyusi. Utaiona kwa picha.

Kuna jambo moja la kutisha ambalo halihusu Amerika peke yake. Risasi iwe ile iliyoandikwa juu ya mtutu, na jina liwe lilelile kwenye sanduku. Wenye bunduki za rasasi nyingi, ile kalibri 12 tunayoijua huku kwetu, wasikilize vizuri. Risasi ya kalibri 20 ni nyembamba zaidi. Ikitiwa kwa kosa ndani ya kalibri 12 inateleza na kukwama katikati ya mtutu. Mtu anafikiri bunduki ni tupu, anaweka ya 12 nyuma yake, anafyatua, mtutu unapasuka mkononi mwake. Nyumba iliyo na aina mbili za risasi isiziweke kamwe katika mfuko mmoja.

Na kwa kuwa tumerudi kwetu: mume au mtoto anayewinda huku Kongo, sheria ya uwindaji ni ile ya tarehe 28 Mei 1982, na inataka permi. Silaha yenyewe inafuata sheria ya tarehe 3 Septemba 1985. Ndani ya Virunga au Kahuzi-Biega hakuna permi inayokuruhusu kuwinda. Zile bunduki zinazotengenezwa na mafundi wa kijiji kwa bomba la chuma mimi sizipendi hata kidogo. Bomba la maji halikutengenezwa ili livumilie baruti, nalo likipasuka linapasukia usoni. Wamama wanaouza nyama ya pori wanajua namna wawindaji wengi wanavyokosa vidole. Hilo siongezi.

Turudi Lexington. Kuna swali moja ambalo mtu wa kiwanjani hujibu haraka, na mwongo anafikiri: "Ukifyatua na risasi isitoke, unafanyaje?" Jibu ni kubaki palepale, mdomo wa bunduki kwa shabaha, kuhesabu sekunde 30, ndipo kufungua. Baruti iliyolowana inaweza kuchelewa. Anayegeuza bunduki mara moja ili aangalie ndani ana bahati, ama hana.

Wakati wa msimu wa kulungu kwa bunduki, Kentucky inalazimisha rangi ya machungwa inayong'aa kichwani, kifuani na mgongoni, ionekane pande zote. Mnyama haioni kama sisi tunavyoiona, lakini mwindaji mwingine anaiona. Na kama wenzake wanakaa juu ya mti kungojea, afungwe mkanda wa mwili. Katika uwindaji wa kule wengi wanaumia kwa kuanguka kutoka mtini, na hakuna risasi ndani ya jambo hilo.

Mama, mpaka hapa ni kiwanja na pori. Sasa nyumba, na hapa usimwachilie.

Mtoto wa miaka mitatu anafungua kila kitu. Kuficha juu ya kabati si kuficha. Sisi wote tuliotunza sukari juu ya kabati tunajua. Bunduki iwe haina risasi, imefungwa kwa kufuli ndani ya sanduku la chuma. Risasi ziwe zimefungwa mahali pengine, kwa ufunguo mwingine. Nyingi za bunduki mpya huuzwa pamoja na kebo ya kufuli inayopita ndani, inatosha kuanzia wakati anatafuta makuta ya sanduku. Ufunguo usining'inie ukutani. Umwulize bibi yake pia, peke yake, kwa sauti ya mama kwa mama: "Mwanangu, ile kitu iko wapi sasa hivi?" Ukisikia anatafuta jibu, umepata jibu.

Halafu kuna swali ambalo hata mimi nilisita kuliandika. Kule Marekani, zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa bunduki wanajiua wenyewe. Mtoto wako aliona mambo akiwa mdogo, wewe unayajua kuliko mimi. Anafanya kazi usiku, mchana halali vizuri, yuko mbali na ndugu. Simsemi vibaya. Nasema umwulize anavyolala, kama zile ndoto zimerudi, kama kuna siku anaona afadhali asingekuwako. Kumwuliza mtu hivyo hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo, kunamwonyesha mlango. Akisema ndiyo, ama akinyamaza mno, bunduki itoke nyumbani siku hiyohiyo, ikae kwa rafiki anayeruhusiwa na sheria kuitunza, mpaka aonane na munganga. Asikie kwamba si adhabu. Wawindaji wengine kule wanafanyiana hivyo wenyewe kwa wenyewe, mmoja akipita katika talaka ama kilio.

Na mimba ya miezi mitano. Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia, kwa kuwa kinaita madini na kitu kinachopigwa kwa jina moja: risasi. Madini hayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na kwa mama mwenye mimba yanapita mpaka kwa aliye tumboni. Kila mlio unaacha vumbi lake mikononi na nguoni. Kwa hiyo mkwe wako asiende kiwanjani mpaka azae, na kwa mlio vilevile, maana vifuniko vya masikio havimkingi aliye tumboni. Mume akirudi anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, avue viatu nje, na nguo zile zifuliwe peke yake.

Nyama nayo. Risasi ikigonga mnyama inavunjika vipande vidogo ambavyo jicho halioni, na vinasafiri mbali na tundu. Mwaka 2008 idara ya afya ya jimbo la North Dakota iliziambia nyumba zinazogawia maskini chakula ziache kutoa nyama ya kulungu iliyosagwa, kwa sababu picha zilionyesha vipande ndani yake. Watoto wadogo na wenye mimba ndio wanaokatazwa kwanza. Dawa iko, tena tunaijua: risasi za shaba, ile shaba ambayo Katanga inachimba. Zinauzwa kwa bei kubwa zaidi, lakini hazivunjiki namna ile. Kama ana bibi mwenye mimba na mtoto wa miaka mitatu, sioni kwa nini anunue nyingine. Asipozipata msimu huu, akate nyama kwa upana mkubwa kuzunguka kidonda, atupe, na mkwe wako ale kuku.

Ukimpigia, usianze na haya yote. Uanze na mjukuu. Umwambie ulisema kwa uchungu wa baba yake, naye alikuwako, ataelewa. Kisha umwombe akutumie picha tatu: cheti chake, kufuli, na karatasi ya shabaha yenye matundu matatu pamoja. Kijana anayejifunza vizuri atazituma kwa furaha. Akikataa, ama akisema mama unanisumbua, utuandikie tena, na tutatafuta njia ya kuongea na wazee wa jamii yetu walio Lexington.

Wamama wengine wenye watoto wanaowinda, huku ama ng'ambo, leteni maswali yenu kwa katibu wa kikundi kabla ya siku ya ine. Juma lijalo tunajibu barua ya mama wa likilimba ambaye zamu yake imerukwa mara mbili.